Kisukari, mzunguko wa damu katika ubongo na uwezo wa kufikiri

1. Utangulizi

Inajulikana na wengi kwamba ugonjwa wa kisukari hudhuru macho, figo na miguu. Mgonjwa akipata kidonda kisichopona, jamaa zake hawashangai: wanajua ni sukari. Lakini mgonjwa huyohuyo akianza kusahau saa ya kumeza dawa, akirudia swali alilokwisha kujibiwa, au akishindwa kuhesabu pesa anayorudishiwa sokoni, huambiwa kwamba huo ni uzee tu. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshi. Kisukari hufika kichwani pia, nacho hupitia mishipa ya damu. Tutaeleza kwanza mahitaji ya ubongo, kisha namna ugonjwa unavyoharibu mishipa yake, halafu ushahidi uliopatikana kuhusu kufikiri. Mwishoni tutasema neno juu ya jambo linalotuhusu sisi watu wa lugha.

2. Ubongo na mahitaji yake

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1,4 hivi, yaani asilimia 2 tu ya uzito wa mwili. Hata hivyo, mtu anapopumzika, kiungo hicho kidogo hutumia asilimia 20 hivi ya oksijeni yote inayoingia mwilini. Chakula chake kikuu ni glukosi, ndiyo sukari ya damu, na akiba yake ni ndogo mno. Kwa hiyo ubongo hutegemea damu inayofika wakati uleule: karibu robo tatu ya lita kila dakika. Damu ikikatika kabisa, mtu huzirai baada ya sekunde chache, na baada ya dakika chache seli za neva huanza kufa.

Kiasi hicho kilianza kupimwa vizuri katika miaka ya 1940, pale Wamarekani Seymour Kety na Carl Schmidt walipobuni njia ya kumvutisha mtu gesi isiyo na madhara na kupima jinsi inavyoingia na kutoka kichwani pamoja na damu.

Lakini wingi wa damu si jambo la pekee. Mgawanyo wake ni muhimu vilevile. Mtu anaposoma, sehemu fulani za ubongo hufanya kazi zaidi. Anapotafuta jina alilolisahau, nyingine huamka. Mishipa midogo ya sehemu inayofanya kazi hupanuka ili ipokee damu zaidi. Tunaweza kuufananisha utaratibu huo na mkulima wa mboga anayefungua mfereji kuelekea tuta linalohitaji maji, kisha akaufunga na kufungua mwingine. Mkulima huyo akichoka, maji yanaweza kuwapo mtoni, lakini tuta likakauka.

3. Namna kisukari kinavyoharibu mishipa

Kisukari ndicho kinachomchosha mkulima wetu. Ndani ya kila mshipa wa damu kuna utando mwembamba wa seli, ambao hutoa kemikali iitwayo oksidi ya nitriki, inayoulegeza mshipa ili upanuke. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, utando huo huumia, na kemikali hiyo hupungua. Sukari hunata pia kwenye protini za ukuta wa mshipa na kuufanya mgumu. Kuta za kapilari, yaani mishipa iliyo myembamba kuliko yote, hunenepa. Hivyo mshipa ulioitwa upanuke haupanuki vya kutosha, au huchelewa.

Katika mishipa mikubwa mambo huenda kwa njia nyingine. Mafuta hujikusanya ukutani na kupunguza njia ya damu, hasa kwa mgonjwa mwenye shinikizo la damu lililopanda, nao ni wengi. Ndiyo sababu mtu mwenye kisukari yumo katika hatari ya kupata kiharusi mara mbili hivi kuliko asiye nacho. Zaidi ya viharusi vinavyopooza mkono au mguu, kuna vidogo vidogo visivyoonekana kwa nje. Mgonjwa hana habari navyo, lakini vikirudiwarudiwa huharibu njia zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine.

Mwaka 2015 watafiti wa Boston, Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu 40 wenye umri wa miaka 66 kwa wastani, baadhi yao wakiwa na kisukari cha aina ya pili. Baada ya miaka miwili, mishipa ya ubongo ya wenye kisukari ilikuwa imepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kurekebisha mtiririko wa damu, na alama zao katika majaribio ya kumbukumbu na fikra zilikuwa zimeshuka. Idadi ya waliochunguzwa ni ndogo, lakini matokeo hayo yanakubaliana na yale tuliyoeleza hapo juu.

4. Ushahidi kuhusu kufikiri

Jambo hili si jipya. Mwaka 1922, wakati insulini ilipoanza kutumiwa kutibu wagonjwa, Walter Miles na Howard Root walikuwa wamekwisha kuwapima wenye kisukari kwa majaribio ya saikolojia na kuona kwamba kumbukumbu na usikivu wao ulikuwa dhaifu kidogo. Mwaka 1999 uchunguzi uliofanywa Rotterdam, Uholanzi, miongoni mwa wazee zaidi ya 6 000, ulionyesha kwamba kisukari kilikaribia kuongeza maradufu hatari ya kupata demensia, yaani ugonjwa unaomwondolea mtu kumbukumbu na akili hata asiweze kujitunza.

Ni lazima tuseme kwa uangalifu. Si kila mwenye kisukari atapatwa na demensia. Wengi hubaki na akili timamu hadi mwisho. Aghalabu kinachopungua ni wepesi wa kufikiri, uwezo wa kupanga mambo na kumbukumbu ya mambo mapya, tena kwa kiasi kidogo. Hata hivyo, kiasi kidogo chaweza kuleta msiba. Matibabu ya kisukari hudai kupanga, kuhesabu na kukumbuka. Mgonjwa aliyesahau kwamba amekwisha kujidunga sindano ya insulini anaweza kujidunga mara ya pili.

5. Je, kushusha sukari kunatosha?

Mtu angedhani kwamba dawa ni kushusha sukari kwa nguvu zote. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada, ambao matokeo yake kuhusu ubongo yalitolewa mwaka 2011, ulikanusha dhana hiyo. Karibu wagonjwa 3 000 waligawanywa: wengine walishushiwa sukari kwa ukali, wengine kwa kiasi. Baada ya miezi 40, uwezo wa kufikiri wa makundi hayo mawili ulikuwa sawa. Tena matibabu makali yalikuwa yamekomeshwa mwaka 2008, kwa sababu vifo vilikuwa vingi zaidi katika kundi hilo.

Sababu ya kujihadhari inaeleweka tukikumbuka kwamba glukosi ndiyo chakula cha ubongo. Sukari ikishuka chini ya miligramu 70 kwa kila desilita ya damu, hatari huanza. Ikizidi kushuka, mgonjwa hutetemeka, huchanganyikiwa, na hatimaye huzimia. Mwaka 2009 uchunguzi wa California ulionyesha kwamba wazee waliowahi kupelekwa hospitali kwa kushukiwa na sukari walipata demensia zaidi kuliko wengine. Onyo hili lina uzito kwa mgonjwa anayetumia insulini au glibenklamidi bila kuwa na hakika ya chakula cha jioni.

Basi linalofaa ni njia ya kati: sukari isiwe juu sana wala isishuke mno, shinikizo la damu lipimwe na kutibiwa, tumbaku iachwe, mwili utembezwe. Mwaka 2015 uchunguzi wa Ufini, uliohusu wazee 1 260 waliokuwa katika hatari, ulionyesha kwamba chakula bora, mazoezi ya mwili na ya akili, pamoja na uangalizi wa mishipa ya damu, vilisaidia kuhifadhi uwezo wa kufikiri.

6. Suala la lugha

Kinachopimwa kwa mashine ni damu. Lakini fikra hupimwa kwa maneno. Mgonjwa hupewa orodha ya maneno ayakumbuke, huulizwa tarehe, huambiwa aandike sentensi. Mama ambaye hakusoma, akiulizwa kwa Kifaransa, atapata alama ndogo hata kama ubongo wake ni mzima. Kinyume chake, daktari anaweza kusema ni shule iliyopungua, kumbe ni ugonjwa.

Katika wilaya ya Hai, Tanzania, jaribio fupi lisilodai kusoma wala kuandika lilitungwa kwa ajili ya wazee: mtu huulizwa daraja ni nini, hutaja wanyama, hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Hata hivyo, haitoshi kulichukua jaribio la Kilimanjaro na kulisoma vilevile huku kwetu. Mfano mmoja watosha: katika Kiswahili cha mitaani cha mashariki mwa nchi yetu, neno bongo hutumika kwa maana ya uongo. Muuguzi akimwambia mzee kwamba anataka kupima bongo lake, mzee anaweza kuelewa kwamba anashukiwa kusema uongo.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba usahaulifu wa mwenye kisukari waweza kuwa dalili ya mishipa iliyochoka, na kwamba baadhi ya madhara hayo yanaweza kuzuiwa au kucheleweshwa yakitambuliwa mapema. Kuyatambua si kazi ya daktari peke yake. Mwana-lugha anayejua jinsi watu wa Lubumbashi, Kalemie, Bukavu au Kisangani wanavyosema ana sehemu yake: kutunga maswali ambayo mzee atayaelewa, ili alama atakazopata zitueleze hali ya ubongo wake, si umbali uliopo kati ya lugha yake na lugha ya muulizaji.