FEZA YETU INALALA WAPI?



Munajua ya kuwa sisi wa darasa la sita tuko na sanduku letu. Tuko wanafunzi 60, na kila mmoja alitoa franka 5,000. Jumla ni franka 300,000. Feza hii si ya karamu. Ni ya kusaidia wale watakaokosa ada ya Egzamini ya Taifa. Mwaka uliopita wandugu wawili walihangaika mpaka siku ya mwisho, na mmoja wao hakuandikwa. Kwa hiyo tulisema: feza isilale bure, itembee miezi miwili, izae kidogo.

Itembee namna gani? Hapo maneno yalianza. Wengine walisema: tununue makala kule karibu na Park, tuyauzishe mjini. Nilishika kalamu nikapiga hesabu. Gunia moja ni franka 40,000, kulisafirisha ni 5,000, bei ya mjini ni 55,000. Magunia sita yatatupa faida ya franka 60,000. Nilifurahi sana. Mimi Kapita ndiye niliyesema "ndiyo" wa kwanza.

Halafu mwalimu wetu wa jiografia aliniuliza neno moja tu: "Kapita, miti hiyo ilikuwa ya nani?" Sikuwa na jibu. Akanipa karatasi za kusoma. Leo ninawaeleza niliyoyakuta ndani, kusudi Jumamosi tupige kura kwa akili, si kwa makelele.

1. NENO LENYEWE NI NINI?

Mtu mwenye feza anaweza kuiweka katika kazi ya watu wengine kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kukopesha: anatoa feza, kisha inamrudilia na nyongeza. Ya pili ni kununua hisa, ni kusema kipande cha kompani. Mwenye hisa anapata sehemu ya faida, na tena anaweza kusimama katika mkutano wa kila mwaka, aulize maswali na kupiga kura.

Wenye feza wengi wanauliza maswali mawili tu: nitapata ngapi, na hatari ni ngapi? Lakini wako watu wanaoongeza swali la tatu: feza yangu inafanya nini ikiwa mbali na macho yangu? Hapo wanatazama mambo matatu. Kwanza mazingira: maji, miti, hewa. Pili watu: wafanyakazi na wanakijiji. Tatu utawala wa kompani yenyewe: nani anaamua, vitabu vya hesabu viko wazi, rushwa iko ao haiko.

Na wakikuta ubaya, wanafanya nini? Njia ni tatu. Kuna kukataa: unaondoa feza yako. Kuna kubaki na kusema: unashika hisa zako kusudi usukume wakubwa wa kompani wabadilike. Na kuna kupeleka feza kwa kusudi mahali ambapo banki hazipendi kwenda. Mushike vizuri njia hizi tatu, tutazirudilia.

2. ILIANZA WAPI?

Mimi niliwaza ni jambo la juzi. Sivyo. Mwaka 1758 Wakristo wanaoitwa Quaker, katika mkutano wao wa Philadelphia kule Marekani, walikata shauri ya kuwa mtu wao anayenunua ao kuuzisha watumwa asishiriki tena katika mambo ya uongozi wa kanisa. Biashara ile ilileta faida kubwa wakati ule, lakini walisema hapana. Katika mwaka 1760 John Wesley, mwanzilishi wa Wametodisti, alitoa mahubiri juu ya matumizi ya feza. Alifundisha ya kuwa mtu afanye kazi apate faida, lakini si faida inayoharibu mwili ao roho ya jirani.

Mwaka 1971, wakati wa vita ya Vietnam, Wametodisti wawili wa Marekani, Luther Tyson na Jack Corbett, walisaidia kuanzisha mfuko unaoitwa Pax. Watu wa kawaida waliweka akiba yao ndani, na mfuko ulikataa kununua hisa za watengenezaji wa silaha. Mwaka 1975, kwa shauri la Baraza la Makanisa la Ulimwengu, chama cha Oikocredit kilianza kule Uholanzi. Chenyewe kinachukua akiba za makanisa na za waamini, kinakopesha vyama vya wakulima na wale wanaokopesha maskini. Hiyo ndiyo njia ya tatu.

3. MFANO WA AFRIKA YA KUSINI

Leon Sullivan alikuwa pasteri Mubaptisti, mtu mweusi wa Marekani. Mwaka 1971 aliingia katika baraza la wakubwa wa General Motors, kompani ya motokari. Kompani ile ilikuwa na kiwanda Afrika ya Kusini, inchi ya ubaguzi. Pasteri hakutoka. Alibaki ndani akasema. Mwaka 1977 aliandika kanuni kwa makompani ya Marekani yanayofanya kazi kule: weusi na weupe wale pamoja, wafanye kazi pamoja, walipwe sawasawa kwa kazi moja. Makompani mengi yalizikubali.

Lakini kiwanda kinaweza kubadilika na sheria za inchi zikabaki zile zile. Mwaka 1987 Sullivan mwenyewe alisema wazi ya kuwa kanuni zake hazikutosha, akayaomba makompani yatoke. Ninamheshimu sana kwa neno hilo. Alipima kazi yake mwenyewe mbele ya watu, akaona inapungukiwa.

Na je, kuondoa feza ndiko kulikoangusha ubaguzi? Mwaka 1999 watafiti watatu, Teoh, Welch na Wazzan, walitoa kazi yao juu ya jambo hilo. Walikuta ya kuwa bei za hisa hazikutikisika sana. Juu ya nini? Kwa sababu mmoja akiuzisha, mwingine asiyejali ananunua. Basi tusiseme hisa peke yake zilivunja ubaguzi. Kulikuwa na watu wa inchi wenyewe waliopigana, na sheria kama ile ya Marekani ya mwaka 1986.

4. UKITENDA HAKI, FAIDA INAPUNGUA?

Hili ndilo swali mulilonipigia kelele darasani. Watafiti wamelihangaikia miaka mingi, na majibu yao ni mawili.

Jibu la kwanza: mwaka 2015 Friede, Busch na Bassen walikusanya matokeo ya utafiti zaidi ya 2,000. Karibu 90 kwa 100 haukuonyesha ya kuwa kujali mazingira, watu na utawala mzuri kunaharibu faida. Muangalie vizuri: hawakusema kila anayetenda haki anatajirika. Walisema kwa kawaida hapotezi. Na tunaweza kufahamu sababu. Kompani inayotesa wafanyakazi inapata migomo. Inayochafua mto inapata kesi. Ubaya nao una bei yake.

Jibu la pili ni gumu zaidi. Mwaka 2009 Hong na Kacperczyk walionyesha ya kuwa, kule Marekani, hisa za pombe, tumbako na michezo ya kamari zilileta faida kupita zingine. Ilikuwa hivi: watu wengi wanazikimbia, bei yake inashuka, na yule asiyekimbia anazipata kwa bei nzuri. Ni kama nyumba ambayo watu wanasema iko na pepo. Asiyeogopa anaipanga kwa bei ndogo.

Kwa hiyo, mtu akikuambia "haki inaleta faida siku zote", usimwamini haraka. Mara nyingi haikuharibii kitu. Mara zingine inakugharimu, na lazima ukubali kulipa.

Tena kuna shida ya kupima. Mwaka 2022 Berg, Kölbel na Rigobon walilinganisha alama ambazo wapimaji sita wanapatia makompani. Wapimaji hawakupatana. Ni kama waalimu sita wanaosahihisha karatasi moja, mmoja akupe 16 juu ya 20, mwingine akupe 8. Ukiona kompani inajisifu ya kuwa ni nzuri, uliza: nani alipima, na alipima nini?

5. HUKU KWETU

Musiwaze ya kuwa haya ni mambo ya Ulaya tu. Park ya Virunga iliundwa mwaka 1925, na tangu mwaka 1979 iko katika orodha ya urithi wa dunia. Kompani moja ya Uingereza, Soco, ilipata ruhusa ya kutafuta petroli ndani yake. Watu wengi walikataa, na mwaka 2014 kompani ilipatana na chama cha WWF, ikasema haitachimba, isipokuwa UNESCO na serikali yetu wakubali. Kanisa la Uingereza lilikuwa na hisa kidogo katika kompani ile. Lilianza kwa kusema na wakubwa wake. Halikuridhika, na mwaka 2015 likauzisha hisa zake zote, za paundi milioni 1.6. Munaona: njia ya pili kwanza, halafu njia ya kwanza.

Mfano mwingine ni wa madini, na huu unauma. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria: makompani yaseme wazi kama bati, koltani, wolframu na zahabu yao inatoka Kongo ao inchi za jirani, kusudi feza isilishe watu wa silaha. Kusudi lilikuwa zuri. Mwezi wa tisa mwaka ule ule serikali yetu nayo ilifunga mashimo yote ya Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, mpaka mwezi wa tatu 2011. Wanunuzi wengi wa mbali waliogopa kuulizwa, wakatuacha kabisa.

Matokeo? Mwaka 2016 Parker, Foltz na Elsea walionyesha ya kuwa vifo vya watoto wachanga viliongezeka katika vijiji vya karibu na mashimo yaliyoguswa na sheria ile. Baba hana kazi, mama hana feza ya dawa. Mwaka 2018 Stoop, Verpoorten na van der Windt walikuta ya kuwa hata mapigano na unyang'anyi viliongezeka karibu na mashimo ya zahabu.

Nilisoma ukurasa ule mara mbili. Watu walitaka kuosha mikono yao, na maji machafu yakamwagikia watoto wetu. Ubaya haukuwa katika swali lao, maana swali lilikuwa la haki. Ubaya ulikuwa ya kuwa walifunga mlango bila kumtafutia mchimbaji mlango mwingine.

6. SASA, SANDUKU LETU

Turudilie makala. Kukata miti ndani ya Park sheria inakataza. Vikundi vya silaha vinalipisha kodi juu ya makala ya kule. Walinzi zaidi ya 200 wa Park ile wamekufa kazini. Gunia halina alama inayosema lilitoka wapi, na mwuzishaji hataniambia. Nikinunua bila kujua, sehemu ya franka zetu inaweza kuishia kwenye risasi. Kwa hiyo mimi niliyesema "ndiyo", leo ninasema "hapana".

Lakini ndugu mmoja wa darasa letu alinifuata nyuma ya kapela akaniambia: "Kapita, mama yangu anauzisha makala. Minervali yangu yote ni makala. Unataka kusema mimi ni mwizi?" Hapana, ndugu. Na kama tunakataa makala halafu tunakwenda zetu, tutakuwa kama wale wanunuzi wa mbali.

Basi shauri langu ni hili. Tukopeshe mama sita wa soko, kila mmoja franka 50,000, kwa biashara ya maharagi, mboga ao unga. Katika wale sita tuweke kwanza wamama wa makala wanaotaka kujaribu kitu kingine. Kila mmoja arudishe 53,000 kisha miezi miwili. Daftari libandikwe ukutani, kila mtu asome. Kama mama mmoja akipata shida, tukae naye tupange upya, tusimpeleke kwa chefu.

Faida itakuwa franka 18,000. Makala yangetupa 60,000. Tofauti ni 42,000, na sitawaficha: tofauti hiyo inaweza kuwa ada ya ndugu mmoja. Kutenda haki kwa mgongo wa mwanafunzi maskini si haki pia. Lakini mugawanye 42,000 kwa watu 60. Ni franka 700 kwa kila mmoja wetu, ni kusema ndazi chache za saa ya kupumzika. Hiyo ndiyo bei yote ya mikono safi katika darasa la sita. Mimi nimekwisha kuweka 700 zangu kwa mtunza feza.

Asiyekubali na aje Jumamosi na hesabu yake, tutamsikiliza. Ninaomba tu kila mmoja ajibu kwanza swali la mwalimu: miti hiyo ilikuwa ya nani?

Ni mimi,
Kapita wa wanafunzi, darasa la sita.