Gitaa Nalo ni Kiswahili

Mwezi uliopita nilikuwa Mitunguu, Imenti Kusini, kuwajulia hali jamaa zangu. Jioni mpwa wangu, mwanafunzi wa shule ya sekondari, aliniletea insha yake kuhusu harusi. Mwalimu alikuwa amefuta kwa wino mwekundu maneno "gitaa" na "piano", na juu ya kila moja akaandika "kinanda". Pambizoni aliongeza: "Tumia Kiswahili!" Kijana akaniuliza, "Mjomba, sasa msomaji atajuaje ni ipi iliyopigwa?"

Swali hilo ni zito kuliko alama alizopoteza. Kinanda ni neno la kale. Huko Lamu na Zanzibar lilitaja ala ya nyuzi. Baadaye likavishwa piano, na hata mashine ya santuri ikaitwa kinanda cha santuri. Neno hilo ni halali, ila limebebeshwa mizigo mingi.

Anayedhani kwamba kukopa ni aibu ya Kiswahili na akitazame Kiingereza. "Piano" Waingereza waliipata kwa Waitaliano. Ni kifupisho cha jina lenye maana ya "taratibu na kwa nguvu", kwani ala hiyo, iliyobuniwa na Bartolomeo Cristofori mjini Florence karibu na mwaka 1700, huweza kutoa sauti za namna zote mbili. Gitaa nalo asili yake ni neno la Kigiriki, "kithara". Waarabu waliiita ala yao "al-ud", yaani mti. Sisi tukapata udi. Waingereza, kupitia Kifaransa, wakapata "lute", na ile l ya mwanzo ni mabaki ya "al".

Wala Waswahili hawakuiga tu. Kwa Kiarabu, "tarab" ni hali ya kusisimkwa na muziki. Sisi tukalifanya taarab kuwa jina la muziki wenyewe, ambao Siti binti Saad aliurekodi kwa Kiswahili mjini Bombay mwaka 1928.

Walimu wenzangu, neno likishapata ngeli na upatanisho, tukasema "gitaa langu" na "magitaa yetu", limekwisha kuwa mwenyeji. Tulihukumu kwa kazi linayoifanya katika sentensi, si kwa mahali lilikozaliwa. Mpwa wangu, ambaye hupiga gitaa kanisani, aliniambia kuwa insha ijayo ataandika juu ya kilimo cha ndizi, asije akakosea tena. Hiyo ndiyo hasara, nayo haionekani kwenye alama.