Viatu na nguo za mtoto wakati wa mvua, kiangazi na karibu na machimbo

Mvua zikianza Kanda ya Ziwa, kwa kawaida Oktoba au Novemba, mama wengi hutafuta kwanza sweta. Sweta inafaa, lakini huku Shinyanga na Geita hatari kubwa kwa mtoto iko chini, kwenye udongo na maji. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua viatu.

Udongo wenye unyevu hutunza minyoo ya safura. Mtu akijisaidia kichakani, mayai huanguliwa ardhini, na minyoo wachanga wasioonekana kwa macho hupenya ngozi ya anayepita peku. Wakifika tumboni hunyonya damu kidogo kidogo. Mtoto anapauka, anachoka upesi, anasinzia darasani. Mjamzito mwenye safura anaweza kufika siku ya kujifungua akiwa na upungufu wa damu, na hapo hata kutokwa damu kidogo ni hatari.

Kiatu kizuri cha masika hufunika vidole na kisigino. Yeboyebo ni nafuu na hukauka haraka, ila zenye matundu makubwa hupitisha tope. Katambuga za tairi huzuia miiba na misumari, si udongo. Kandambili ziwe za chooni na bafuni, na huko zivaliwe kila mara. Ukinunua mtumba, kunja soli uone kama imepasuka, na uache nafasi ya upana wa kidole mbele. Kiatu kinachobana mtoto atakivua njiani, akutane nawe jioni amekibeba mkononi.

Gambuti ni nzuri shambani, hasa kwa sababu nyoka wengi huuma mguuni. Lakini usizitegemee kuzuia kichocho. Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kuingia kupitia ngozi yoyote iliyoguswa na maji: mapaja, mikono, hata mgongo wa mtoto anayeogelea lamboni. Maji yakishaingia ndani ya gambuti, kinga imekwisha. Ukiona damu kwenye mkojo au kinyesi, mpeleke zahanati. Dawa ipo na inatibu.

Kiangazi, Juni hadi Septemba, asubuhi ni baridi na mchana ni jua kali. Nguo mbili nyepesi ni bora kuliko koti moja zito, kwa kuwa mtoto anaweza kuvua moja. Vumbi kavu la uani ndilo makazi ya funza, hivyo viatu visiwekwe kando eti tope limekwisha. Mtoto mwenye ualbino anahitaji kofia pana inayofunika masikio na shingo, mikono mirefu na kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Kiinue juani: mwanga ukipenya kwa urahisi, jua nalo litapenya.

Kwa familia za wachimbaji wadogo, kama wa Rwamgasa, Nyarugusu au Mwakitolyo, kuna jambo la ziada. Zebaki inayotumika kukamata dhahabu hushika kwenye nguo na viatu vya kazi, na hudhuru ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni. Mvua ikinyesha ghafla, mkono huenda haraka kwenye koti la baba lililotundikwa mlangoni. Usimfunike mtoto kwa koti hilo, wala usimbebe mgongoni ukiwa umelivaa. Tafuta khanga.

Mwombe baba aache gambuti nje na abadili nguo kabla ya kumpakata mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake, beseni lake, si pamoja na nepi. Maji ya kufulia yamwagwe mbali na kisima, bustani ya mboga na mahali watoto wanapocheza. Na pale dhahabu inapochomwa, mtoto asiwepo kabisa. Kitambaa cha kufunika pua hakizuii mvuke wa zebaki.