Namna ya kusema kusudi: somo kutoka Kifini



Finlandi ni inchi ya kaskazini ya Ulaya, na wengi wa wakaaji wake ni Waprotestanti wa Kilutheri. Mikael Agricola alitoa Agano Jipya kwa Kifini mwaka wa 1548. Luga hii haifanani na Kifaransa hata kidogo. Lakini sharti lake moja linaweza kutusaidia sisi wenye kukosa kila mara katika Kifaransa: namna ya kusema kusudi.

Kwanza, nyuma ya kitendo cha mwendo. Sisi tunasema "naenda kuteka maji", bila kutia "ili". Mfini vilevile: menen hakemaan vettä. Ile -maan kwenye mwisho wa kitendo inatosha.

Pili, vitendo vingine. "Nasoma ili nijifunze" ni luen oppiakseni. Tukate neno hili: oppia ni "kujifunza", -kse- inabeba kusudi, -ni ni kama "-angu". Wewe unasoma: luet oppiaksesi. Sisi wote: luemme oppiaksemme.

Tatu, sharti lenyewe. Mwenye kusoma na mwenye kujifunza lazima awe mtu yule yule. Kama ni watu mbalimbali, umbo hili halikubali. Hapo Mfini anatia neno jotta na kitendo kizima: opettaja puhuu hitaasti, jotta ymmärrämme, ni kusema, "mwalimu anasema polepole ili tusikie".

Sasa turudi kwa Kifaransa. "Ili" yetu inafaa pande zote mbili: ili nijifunze, ili tusikie. Ndiyo sababu mtu anaandika "j'étudie pour que j'apprenne", na mwalimu anatia wino mwekundu. Mtu ni mmoja? Andika pour apprendre. Watu ni mbalimbali? Andika pour que nous comprenions. Ni sharti lile lile la Wafini. Basi, ninyi wa darasa la mwisho hasa, mbele ya kuandika kwenye Examen d'Etat, jiulizeni: nani anafanya kitendo cha kwanza, na nani cha pili?

Tena tuangalie ile -ni ndogo. Kwa Kifini kusudi hili lina mwenyewe. Mwalimu anaweza kusema polepole ili tusikie, hiyo ni jotta. Lakini oppiakseni kila mtu anajisemea, maana hakuna atakayejifunza pahali pako.