Mafuta safi ya meli yatamgharimu nini mkulima wa chai?

MKULIMA wa majani chai wa Kianjokoma, Kaunti ya Embu, huenda hajawahi kuiona meli. Hata hivyo, mafuta yanayochomwa melini huathiri mapato yake.

Chai ya eneo hilo huuzwa katika mnada wa Mombasa, kisha husafirishwa hadi Pakistan, Misri, Uingereza na kwingineko. Mnunuzi ndiye anayelipa nauli ya meli, lakini huwa ameipigia hesabu kabla ya kutaja bei. Nauli ikipanda, bei ya mnadani hubanwa. Mbolea nayo huingia kupitia bandari iyo hiyo, na nauli huongezwa kwenye bei ya gunia. Hivyo mkulima huumia mara mbili.

Meli hutoa takriban asilimia 3 ya gesi zinazoongeza joto duniani. Mwaka 2023, nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini, IMO, zilikubaliana kufuta uchafuzi huo ifikapo 2050 au karibu na mwaka huo.

Kikwazo ni gharama. Mafuta mazito ya meli ni masalio ya usafishaji wa mafuta ghafi, ndiyo maana ni rahisi. Methanoli na amonia safi huhitaji haidrojeni inayotolewa majini kwa umeme mwingi. Isitoshe, tani moja ya mafuta hayo mapya hutoa nishati isiyofika nusu ya tani ya mafuta mazito, kwa hivyo matangi makubwa hula nafasi ya shehena.

Mwenye meli akitangulia kubadilisha mafuta, nauli yake hupanda na wateja humhama. Ndipo IMO ikapendekeza ada ya dola 100 au 380 kwa kila tani ya gesi inayozidi viwango, ili kuwatuza wanaotumia mafuta safi na kuzisaidia nchi maskini. Oktoba 2025, mkutano wa London uliahirisha uamuzi huo kwa mwaka mmoja.

Kwa Kenya, suala hili lina sura ya pili: amonia ndiyo malighafi ya mbolea ya naitrojeni. Meli zikiigombania, mbolea yaweza kupanda bei. Lakini nchi yenye umeme wa mvuke wa Olkaria yaweza kujitengenezea amonia, badala ya kuilipia nauli.

Meli zitabadilika. Linalosubiri jibu ni iwapo gharama itabebwa na wenye meli, wanywaji chai, au mchumaji wa Kianjokoma.