Ukaazi wa Wafanyakazi wa Kigeni katika Fomu za Forodha

Mgeni anayekuja kufanya kazi Unguja au Pemba, na vyombo vyake vikashushwa Bandari ya Dar es Salaam, hutakiwa aeleze katika fomu ya forodha iwapo anahamia au ni mgeni wa muda. Jibu hilo ndilo linaloamua ushuru, nalo si la kubahatisha.

Ifahamike kwanza kwamba mkaazi si lazima awe raia. Kwa Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995, mgeni aliyeajiriwa hupewa kibali cha ukaazi Daraja B. Kibali cha kazi ni hati nyengine kabisa: Zanzibar hutolewa chini ya Sheria ya Ajira Nam. 11 ya 2005, na Tanzania Bara chini ya sheria ya mwaka 2015. Ama Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, hiyo hutumika pande zote mbili.

Anayehamia kweli husamehewa ushuru wa vyombo vya nyumbani alivyokuwa akivitumia alikotoka, na gari moja, iwapo ametimiza umri wa miaka 18 na gari hiyo ameimiliki na kuitumia mwenyewe nje ya Jumuiya kwa miezi 12 au zaidi. Vitu hivyo viwasili ndani ya siku 90 tangu kufika kwake. Kamishna aweza kuongeza muda, usizidi siku 360. Mgeni wa miezi mitatu huruhusiwa vitu vya matumizi yake atakavyoondoka navyo.

Friji tano mpya haziwi vyombo vya nyumbani kwa kuandikwa hivyo. Na chombo kilichosamehewa, kikiuzwa kwa mwenye duka Mtaa wa Kongo au Msimbazi, Kariakoo, ushuru wake hudaiwa. Hasara yaweza kuzidi ushuru: Amri iliyotolewa Tanzania Bara Julai 2025 iliwakataza wasio raia kufanya biashara ya jumla na rejareja, na adhabu yake ikajumuisha kufutiwa kibali cha ukaazi. Bila ya kibali hicho, ajira ya Unguja nayo haipo.

Wako pia wanaodhani kuvuka kwa boti kwenda kununua Kariakoo ni safari ya nje. Msamaha wa bidhaa za msafiri ni wa aliyekuwa nje ya nchi za Jumuiya kwa zaidi ya saa 24.

Ambaye kibali chake bado hakijatoka aandike hali aliyonayo siku hiyo, aonyeshe mkataba wake wa ajira, na aulize Forodha kabla ya kutia saini.