Kichanganya Mawimbi: Sikio la Darubini ya Redio

Mwanafunzi wa Chunyu, katika maeneo ya Nachingwea na Ruangwa, azungushapo kifundo cha redio ya betri kutafuta taarifa ya habari, hutumia bila kujua kifaa ambacho wataalamu wa elimu ya nyota hukitegemea katika kazi zao kubwa. Kifaa hicho ni kichanganya mawimbi.

Kazi yake yaeleweka kwa hesabu ndogo. Tuseme stesheni hutangaza kwa marudio ya kilohezi 1,000. Ndani ya redio mna kitetemeshi kinachotoa kilohezi 1,455. Mawimbi hayo mawili yakipita pamoja katika diodi au transista, hutokea wimbi jipya lenye marudio sawa na tofauti yao, yaani kilohezi 455, ambalo ni rahisi kulikuza. Waya wa kawaida unaofuata kanuni ya Ohm hauwezi kazi hii. Sharti kifaa kiwe na mkondo usiolingana moja kwa moja na volti.

Mwaka 1970, huko Kitt Peak, Marekani, Wilson, Jefferts na Penzias walitumia kichanganya cha diodi kunasa mawimbi ya kaboni monoksaidi kutoka wingu la gesi la Orion. Marudio yake ni gigahezi 115, mara 115,000 ya yale ya stesheni yetu ya mfano. Wakati huo hapakuwa na kikuza mawimbi kilichofaa kwa marudio makubwa kiasi hicho; kichanganya kilikuwa mbele, kikipokea wimbi likiwa bado dhaifu kabisa. Hadi leo, katika marudio ya mamia ya gigahezi, vipokezi vya darubini nyingi hufuata mpango huo.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kila kifaa chenye joto hutoa makelele ya umeme, na makelele ya kifaa cha kwanza hukuzwa pamoja na ujumbe wenyewe. Wataalamu huyapima kwa kipimo cha joto, yaani Kelvini. Muda wa kutazama hutegemea mraba wa makelele: yakipunguzwa nusu, kazi ya saa 16 hukamilika kwa saa 4. Kwa hiyo kipokezi bora huweza kushinda kupanua dishi.

Dawa iliyopatikana ni tabaka mbili za niobi zilizotengwa na kihami chembamba mno. Niobi ikipozwa chini ya Kelvini 9.2 hupoteza ukinzani wake wote. Katika Kelvini 4 hivi, yaani nyuzi 269 chini ya sifuri, elektroni hupenya kihami hicho, na mkondo hupanda ghafla volti ifikapo kiasi maalumu. Pindo hilo kali ndilo linalofanya uchanganyaji uwe bora. Mwaka 1979 John Tucker alionyesha kwa nadharia ya kwanta kwamba kichanganya cha namna hiyo chaweza kukaribia kikomo kilichowekwa na maumbile yenyewe. Kwa gigahezi 230 kikomo hicho ni kama Kelvini 11. Kwa vipokezi vya aina hiyo ilipatikana picha ya kwanza ya kivuli cha shimo jeusi, iliyotangazwa mwaka 2019.

Afrika nayo imo katika safari hii. Dishi la meta 32 la Kuntunse, Ghana, lililojengwa kwa mawasiliano ya satelaiti, lilizinduliwa kama darubini ya redio mwaka 2017. Na dishi la Longonot, Kenya, limewahi kuwekwa katika mipango kama hiyo. Katika mawimbi yao ya sentimeta, kikuza hutangulia na kichanganya hufuata.

Mawimbi ya milimeta hunyonywa na mvuke wa maji. Ndiyo sababu darubini ya ALMA, Chile, imejengwa kwenye mwinuko wa meta 5,000 hivi. Nyanda za Lindi wakati wa masika hazifai kuiweka. Lakini kanuni yake yafundishika huko huko: mwalimu na aandike ubaoni marudio mawili, kisha darasa litafute la tatu.